Zuhura, Uungwana Wetu Umemtoa Nasra

Mwanangu Zuhura,

Nakutolea salamu wanayotolewa walio huko uliko, na Mungu akupanulie kaburi lako akutilie nuru. Mimi nipo. Siwezi kusema mzima, siwezi kusema mgonjwa. Wewe ungenirukia hapo hapo, "Tabaini hiyo, mama!" na mimi ningekwambia niondokee na matabaini yako, chungu kinaungua.

Nakuandikia alasiri hii nimekaa mlango wa nyuma, kwa sababu kesho asubuhi mwanao Nasra anaondoka hapa Bweni. Anakwenda Tabora, kwa baba yake na kwa bibi yake wa kule. Amechukuliwa mbele ya macho yangu, kwa maneno mazuri, na dua ikasomwa juu yake. Mwandiko wangu unaujua, mimi nimeishia darasa la tatu na chuoni kwa maalim wa Kurani. Nikikosea usinichoree wino mwekundu. Na barua hii siifungi. Atakayeiona aisome, maana yaliyotufika sisi yanaweza kumfika mwingine mwenye adabu kama zetu.

Nitaanzia mbali kidogo. Nikianzia kwenye kile kikao, karatasi itarowa kabla sijasema kitu.

Unakumbuka ulipokuwa unajiandaa na mtihani wa kidato cha nne? Mimi nasuka makuti hapa hapa nyuma, kumba za mnazi zimejaa miguuni, wewe umekaa juu ya kinu kilichopinduliwa unasoma kwa sauti kama mtu wa mnada. Sitiari! Tashihisi! Mubalagha! Tafsida! Mimi nikadhani majina ya majini. Nikakwambia, "Wee mwana, usiwaite hao, ubani umekwisha nyumba hii." Ulicheka mpaka ukateleza kwenye kinu.

Halafu ukanigeuza mimi kuwa somo.

"Mama, hebu sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema kama unavyosema siku zote."

Nikasema, mdomo wa Bi Tatu kama tundu la kuku lililovunjika mlango. Ukapiga makofi, "Tashibiha!" Nikasema, jua la leo lina hasira na watu. "Tashihisi!" Nikasema, nimekuita mara elfu, kuni ziko wapi? "Mubalagha, mama, umeniita mara mbili."

"Na kofi nitakalokupiga linaitwaje?"

"Hilo halina tamathali, hilo ni kofi."

Bi Tatu, ambaye ua wake na wetu ni makuti tu katikati, akapaza sauti kutoka upande wa pili, "Nimesikia la mdomo wangu!" Tukanyamaza kama wezi. Kisha ukaninong'oneza, "Mama, wewe mzima mzima ni kitabu." Nikakujibu, kitabu cha kufungia karanga.

Nilikuwa nakutania, mwanangu, lakini moyoni nilijaa. Mimi nilikuwa nasema tu, kama ninavyopumua. Sikujua kwamba pumzi ina majina.

Ile tafsida ndiyo tuliyogombania. Ulinieleza kwamba ni kulivisha nguo neno lililo uchi, kwamba hatusemi fulani kafa, tunasema katangulia, hatusemi choo, tunasema msalani. Nikakwambia hiyo si ya shule. Hiyo ni adabu, mimi nimefundishwa na mama yangu kwa kufinywa paja, na bila hiyo mtu hakai na watu. Ukasema, "Ndiyo hiyo hiyo, mama, shule wameipa jina tu. Mwalimu wetu anasema, neno ukilijua jina halikuchezei tena."

Nilikuamini. Ulikuwa mtoto lakini nilikuamini.

Ukafaulu, ukaenda chuo cha ualimu, ukarudi ukapangiwa shule Kirongwe. Huko ukamkuta Rajabu, mwalimu mwenzio, mtu wa Tabora, mpole, anakula embe mbichi bila chumvi. Ile siku ya posa sijaisahau mpaka leo, na sasa kila nikiikumbuka naona ndiyo ilikuwa onyo, sisi tukaifanya kichekesho.

Baba yako alikuwa ameshatangulia, basi msemaji wetu akawa kaka yangu, mjomba wako Faki. Upande wa Rajabu alikuja baba yake mdogo kutoka Tabora, amevaa koti na joto lote lile, na mshenga wao alikuwa Mzee Shaha wa Kirongwe. Wanaume barazani, sisi ndani nyuma ya pazia. Mjomba Faki akasafisha koo, akasema kama ada inavyotaka.

"Ndugu zetu, poleni kwa safari, lakini mmepoteza nauli. Binti mwenyewe mvivu. Wali anaunguza, chai anatia chumvi. Tena sisi watu duni, nyumba yetu hii haina mtu wa kuolewa na watu kama nyinyi."

Hapa kwetu mwenye kuposa hujibu, huyo huyo mvivu ndiye tunayemtaka, na chai ya chumvi ndiyo tunayokunywa. Kisha mambo yanaanza. Baba mdogo wa watu akainuka. Akashika kofia yake. "Kama ni hivyo," akasema, "basi tusiwasumbue."

Ulinifinya mkono nyuma ya pazia mpaka alama ikabaki. "Mama! Mama, wanakwenda zao!"

Ndipo Mzee Shaha akamvuta yule mgeni koti. "Kaa chini, bwana. Hapo wanakusifia."

Baraza zima lilicheka, na yule baba akacheka kuliko wote, akajifuta jasho, akasema watu wa pwani mtaniua. Ukaolewa. Na usiku ule wa hina uliniambia kwamba yale maneno ya Mjomba hujui yanaitwaje. Yanafanana na kinaya lakini si kinaya hasa. Ukasema utauliza. Sijui kama uliuliza.

Sasa nakuja kwenye mwaka ule ulipotuacha. Ulipelekwa hospitali Kilindoni, mimi nikabaki na Nasra kwa sababu ulisema mwenyewe, "Mama, baki naye, mimi narudi." Asubuhi ile Rajabu alipiga simu. Akasema, "Mama, shikamoo. Zuhura amepumzika." Nilisimama na ile simu sikioni. Neno lilivaa nguo zake zote, kanzu mpaka kofia, na mimi nilijua jina lake. Nililijua barabara. Mwalimu wenu alikosea, Zuhura. Lilinichezea vile vile. Niliuliza, "Amepumzika, kwa hiyo ana nafuu?" Bi Tatu ndiye aliyenipokonya simu.

Tukakuzika hapa, karibu na baba yako. Rajabu alikaa akashindwa kukaa, akaomba uhamisho, akarudishwa bara. Nasra akabaki kwangu. Hakuna aliyesema atabaki mpaka lini. Sikuuliza, maana kuuliza ni kama kuamsha. Nilimlea, anaota meno, meno yanang'oka, anakwenda shule, akirudi ananisomea. Ana ile sauti yako ya mnada. Nikikohoa kidogo tu anasimama mlangoni, "Bibi, unaumwa?" Mtoto aliyezika mama hasikii kikohozi kama wengine.

Halafu wakaja. Baba mdogo yule yule na mama yake Rajabu, ambaye sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Rajabu mwenyewe hakuja, alisema kazi. Tuliwapokea vizuri, nakuapia. Pweza wa nazi, wali, maandazi. Mama Rajabu alimkalisha Nasra mapajani akamshika shika vidole kimoja kimoja kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Mimi nilijua wamekuja na neno. Nikamwita kaka, nikamwambia nyuma ya jiko, "Faki, hawa wanamtaka mtoto. Mimi simtoi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Utawaambiaje?"

"Niachie mimi. Mambo haya hayaanzwi kwa ubishi."

Mzee Shaha safari hii hakuwepo. Macho yamemwishia, hatoki tena Kirongwe. Hakuna aliyefikiri kumpelekea mtu akamlete. Tulijiona sasa tumeshazoeana.

Wakakaa barazani. Mimi na Mama Rajabu ndani, pazia lile lile. Baba mdogo akaanza, na lo, safari hii alikuwa amejiandaa. Akasema mtoto ni mche, na mche hurudishwa kwenye udongo wake. Nikasema moyoni, sitiari. Akasema, nani hapa asiyependa mtoto asome, nani asiyependa mtoto awe na baba? Nikasema, tashtiti, anauliza asichongoja kujibiwa. Akarudia baba, baba, baba. Takriri. Nilikuwa nayakamata yote, mwanangu, moja moja, kama mtu anayetoa dagaa kwenye wavu. Nikajiambia mimi siogopi, nayajua majina yote haya. Nikakaa mkao wa kungojea kaka ajibu.

Mjomba wako akasafisha koo.

"Ndugu zetu," akasema, "mmesema vizuri. Na mimi sina la kusema. Mtoto ni wenu. Sisi hapa ni watunzaji tu, kama mtu aliyewekewa kitu na mwenyewe. Mkimtaka hata leo, mchukueni."

Sikushtuka. Hilo ndilo linalonila mpaka sasa, sikushtuka hata kidogo. Nilisikia kama unavyosikia hodi, ukajua karibu inafuata. Mtu wa hapa angeruka, la hasha, mtoto ni wenu nyinyi, bibi mzaa mama ndiye mama wa pili, sisi tumekuja kuomba tu kama kuna nafasi. Kisha kaka angesema, basi kwa kuwa mmesema wenyewe, mtoto abaki. Na likizo Nasra angekwenda kuwasalimia. Ndivyo linavyokwenda. Mlango unafunguliwa wazi ili mgeni aone aibu kuingia.

Baba mdogo hakuona aibu. Alivua kofia yake.

"Alhamdulillahi," akasema. Sauti ilimtetemeka, Zuhura, hakuwa akituhadaa. "Tulikuja na hofu. Tuliambiwa njiani kwamba bibi hatakubali. Hatukutegemea moyo huu. Mungu awalipe." Akainua mikono. "Tusome Fatiha."

Wakasoma. Na Mjomba Faki naye akasoma, angefanya nini, mikono ya watu iko juu. Nilimsikia sauti yake inakuja nyuma ya wenzake kama mtu anayepanda mnazi mvua imenyesha. Amin, wakasema. Amin.

Nikamgeukia Mama Rajabu. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya furaha.

"Mkwe wangu," nikamwambia, "yale ni maneno ya uungwana tu. Mimi mtoto namtaka."

Akaniangalia. "Mbona kaka yako amesema tumchukue?"

"Ndivyo tunavyosema huku."

"Na mkitaka kutoa kweli mnasemaje?"

Nilifungua kinywa. Nilitafuta. Zuhura, hatuna maneno mengine. Tukitaka kutoa kweli tunasema hivyo hivyo.

Akanishika mkono. Kiganja chake kigumu, cha jembe, kama changu. "Mama Zuhura," akasema, "na mimi namtaka. Tangu azaliwe leo ndiyo nimemshika." Hakutia mche wala udongo. Alisema hivyo tu. Nilitamani angepamba kidogo ili nipate pa kumshika. Yale ya barazani niliyajua majina, hili la kwake nilishindwa kulijibu.

Walipokwenda kuswali nilimvaa mjomba wako. "Faki, umeniuza!"

"Dada, nilijua watakataa! Kila mtu hukataa!"

"Wale si kila mtu. Wale ndio waliotaka kuondoka kwenye posa!"

Akakaa chini kwenye mkeka, mtu mzima, ndevu nyeupe. "Hata dini inakupa wewe kulea," akasema. "Nilikuwa naiweka hiyo ya mwisho. Wangesema la, mimi ningeitoa taratibu, bila kumvunjia mtu heshima."

"Basi itoe sasa."

"Baada ya Fatiha? Nitoke nikawaambie nilikuwa nasema tu? Dua ilikuwa mchezo?"

Hata hivyo alimpigia simu Rajabu, namshukuru kwa hilo. Nilisimama karibu nikisikia. Rajabu akasema, "Mjomba, nawaelewa. Nimeishi huko, nawaelewa kabisa. Lakini dua imesomwa, mama yangu ameshawaambia watu nyumbani, baba mdogo nitamwambia nini? Likizo atakuja." Likizo atakuja. Nilikwenda na kwa sheikh wetu. Akaniambia haki ninayo, nikitaka tulifungue jambo upya, tulifikishe mbele ya kadhi. Nikafikiri Nasra amekaa katikati ya watu wazima wanaovutana, anaulizwa huyu au yule. Nikarudi nyumbani. Unilaumu au usinilaumu, sijui. Natamani ungekuwepo uniambie.

Sasa nina hofu mpaka za kijinga. Nawaza kule baridi ya asubuhi, na kifua chake kidogo. Nawaza anakula samaki kwa nadra, mifupa itakuwaje. Nawaza Rajabu kijana, ataoa, na huyo atakayekuja atakuwa na mkono wa namna gani. Nawaza Nasra akiwa mgeni wa watu akiulizwa utakula tena, atajibu nimeshiba, kwa sababu ndivyo nilivyomfunza mimi, mtoto mwenye adabu hukataa mara ya kwanza. Na wale watamwamini. Watatoa sahani. Nimemwita nikamwambia, "Ukiwa na njaa huko, sema nina njaa." Akacheka akaona bibi anamfundisha utovu wa adabu.

Watu wote wamekuwa wakimwambia anakwenda kutembea. Mjomba kasema hivyo, Bi Tatu kasema, baba yake kwenye simu kasema, utakuja kututembelea, mama. Mimi nilikuwa nakunja nguo tu. Leo baada ya adhuhuri Nasra kaja kasimama mbele yangu, mdomo hauna meno ya mbele.

"Bibi, nakwenda kutembea au nakwenda kukaa?"

Lile neno jepesi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, limevaa vizuri. Nikalimeza.

"Unakwenda kukaa, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukue. Likizo utakuja. Mimi nilitaka ukae hapa na mimi, Nasra. Nilikutaka. Sikupata."

Hakulia. Aliniangalia sana, kisha akaingia chumbani. Akatoka amekumbatia ule mto wa sufi mliokuwa mkiulalia wewe na yeye, akauweka juu ya begi.

"Nilikuwa nauacha," akasema, "ili nikirudi niukute."

Mwanangu, naishia hapa. Begi halifungi na ule mto, na bado natafuta kamba. Kesho nitamfikisha Kilindoni mpaka kwenye boti, nitamkabidhi kwa Mama Rajabu kwa mikono yangu mwenyewe. Wewe lala. Mungu akulaze pema, na amlinde huyu.

Mama yako,
bibi yake Nasra.